Fundi Chaki, anayeogesha wateja bila maji

Saa mbili na robo asubuhi. Bafuni hakuna hata tone la maji, lakini mama mwenye umri wa miaka sabini na minne anaoga.

Amevaa gauni lake la maua na kandambili ameziacha mlangoni. Viwiko vyake vyote viwili vimepakwa chaki ya buluu. Anainua mkono kana kwamba anajisugua kwapa, kiwiko kinagonga ukuta, na kigae cheupe kinabaki na alama.

"Endelea, mama, usiniangalie mimi," anasema mwanamke aliyechuchumaa koridoni na daftari mapajani. "Oga tu. Sasa mgongo. Haya, miguu."

Mama anajigeuza, kiwiko cha pili kinagonga bomba. Anainama kutafuta miguu yake, kichwa kinakutana na ukuta, naye anainuka taratibu na kutangaza kwamba miguu itaoga kesho. Sote tuliopo koridoni tunacheka.

Kwa dakika sita ukuta umepata alama tisa. Mwanamke wa daftari anazihesabu, anazipima moja moja kwa tepu, kisha anazifuta kwa kitambaa chenye unyevu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Huyu ndiye Fundi Chaki. Ana miaka arobaini na sita, na ishirini na mitatu kati ya hiyo ameimaliza akiwa amepiga magoti juu ya sakafu za watu, akipanga vigae. Jina lake halisi lipo, lakini mitaani wameshalisahau. Mumewe, fundi bomba anayefanya kazi naye, hulitumia pale tu wanapogombana.

Kazi hii alifundishwa na mjomba wake, ambaye miaka miwili ya mwanzo hakumruhusu kushika kigae. Alikuwa mtu wa kubeba mchanga na kuosha ndoo. "Mjomba alisema mikono ya kike itavunja vigae," anasimulia. "Siku aliyougua, nikapanga jikoni kwa mteja peke yangu. Alipopona akaja kukagua, akatafuta kosa mpaka akachoka. Akaniambia, haya, chukua mwiko wako."

Kazi ya bafu moja dogo humchukua siku kumi hadi kumi na mbili. Mwezi mzuri hupata mabafu mawili. Mwezi mbaya hushukuru Mungu akiitwa kubadilisha vigae vitatu vya jikoni, na hapo mumewe hubeba begi la vifaa huku akinuna.

Chaki ilikuja baadaye, na ilikuja kwa aibu. Miaka kumi na miwili iliyopita alimtengenezea bafu dereva mstaafu wa basi, pande la mtu. Bafu lilipendeza mpaka watu wakaja kulipiga picha. Mwezi mmoja baadaye akapita nyumbani hapo kusalimia, akamkuta mwenye nyumba akijimwagia maji kwa kopo nyuma ya ua, amejifunika kwa bati.

"Nikamuuliza, mzee, vipi tena? Akaniambia, bafu lako zuri sana, binti yangu, lakini halinitaki."

Maneno hayo yalimkosesha raha. Alikuwa amepima kuta nne kwa uangalifu wote, lakini mwenye kuoga hakumpima. Tangu siku hiyo havunji kigae kabla mteja hajaoga mbele yake, nguo mwilini na chaki viwikoni. Wako wanaomwona ana wazimu. Yeye hujibu kwamba fundi wa viatu asiyetaka kuona mguu ndiye wa kuogopwa.

Basi turudi kwa mama wa gauni la maua. Huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule kwa miaka arobaini. Anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya chini, na ameishi humo miaka thelathini na mmoja. Mpaka leo majirani humletea zipu zilizokufa na suruali za kupunguzwa, wakikaa kidogo wanasahau kuondoka.

Bafu lake lina upana wa sentimita mia moja arobaini na urefu wa mia mbili na kumi. Mlango unafunguka kwa ndani na kula robo ya sakafu. Mbele kuna sinki, mwisho kuna choo, na kwenye pembe kuna sehemu ya kuogea: beseni la plastiki la sentimita sabini kwa sabini, lenye ukingo unaofika nusu ya muundi, na pazia la nailoni linalomganda mtu mwilini akishalowa.

Ni ukingo huo uliomwangusha. Aliteleza miaka miwili iliyopita, akavunjika kifundo cha mkono, akapona. Mwezi uliopita aliteleza tena humo bafuni, safari hii akapata michubuko tu, lakini habari zikamfikia mwanawe wa pekee anayeishi mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa gari. Mwana akaja mbio.

Na mwana hakuja mikono mitupu. Alikuja na uamuzi. Kwake kuna chumba cha nyuma, ameshakipaka rangi, ameshanunua kitanda. Gari la kubeba vitu limeshaahidiwa tarehe thelathini.

"Sitaki kupigiwa simu siku moja naambiwa mama yangu amelala sakafuni tangu jana," aliniambia, na sauti yake haikuwa ya mtu mkorofi. "Watu wanadhani namfukuza kwake. Mimi silali."

Mama alikataa kwa kila lugha aliyonayo. Mwishowe wakapatana, wote wawili shingo upande. Kama kabla ya tarehe hiyo mama ataweza kuoga mwenyewe, bila kushikwa na mtu, mlango ukiwa umefungwa, atabaki nyumbani kwake. Akishindwa, anafunga virago. Siku ya kuoga kavu ilikuwa tarehe kumi na mbili.

Siku hiyo mwana alikuwepo, amesimama koridoni nyuma ya fundi, simu mkononi ikiwa na picha ya kibanda cha kioo alichokiona dukani. Kimepinda kwa mbele, kina milango miwili ya kutelezesha, kinang'aa.

Fundi Chaki hakukicheka. Alichora umbo lake sakafuni kwa chaki, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye tangazo, akamwomba mwana aingie humo na kujifanya anaoga. Mwana ana mabega mapana. Aligonga sinki, akageuka akagonga choo, akabaki amesimama kama nguo iliyoning'inizwa kabatini.

"Basi," akasema, na picha akaifuta.

Jioni ile wakaafikiana. Beseni lingepanuliwa hadi sentimita tisini, sinki lisogezwe, ukingo ushushwe, na vyuma viwili vya kushikia vifungwe ukutani. Mwana akaondoka akiwa na matumaini kidogo. Mimi nikaandika kwenye daftari langu kwamba tatizo limekwisha, jambo linaloonyesha jinsi waandishi tunavyojua ujenzi.

Asubuhi ya tarehe kumi na tatu fundi na mumewe wakafika na nyundo na tindo. Mume alikuwa ameshavua saa na kukunja mikono ya shati. Ndipo fundi alipochuchumaa kuweka alama kwenye vigae vya kuvunjwa, na akabaki amechuchumaa hapo.

"Ngoja kwanza," akamwambia mumewe.

Alikuwa anatazama ukuta ulio kati ya sinki na choo, mbali kabisa na beseni la kuogea. Vigae saba, kimo cha goti kwenda juu kidogo, vilikuwa vimepoteza mng'ao. Akapitisha kucha, ikatoka na ukoko mweupe wa sabuni. Kisha akaenda kwenye beseni, akafunua kifuniko cha tundu la maji. Ndani kulikuwa kukavu, na buibui amejenga.

Fundi akafunga kifuniko taratibu. Akamtuma mumewe nje akatafute mfuko wa saruji ambao tayari ulikuwa kwenye gari lao. Mume aliangalia uso wa mkewe, akatoka bila kuuliza. Ndoa ya miaka ishirini hufundisha mengi.

Akamfuata mama jikoni. Mimi nilibaki mlangoni, na kinachofuata naandika kwa ruhusa yao wote wawili.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "lile beseni hujaliingia siku nyingi."

Mama mshonaji akaendelea kupangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Alipangusa pembe zote nne. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Tangu nilipovunjika mkono," akasema. "Miaka miwili sasa. Naogopa ule ukingo. Nageuza ndoo, nakaa juu yake karibu na choo, najimwagia kwa kopo. Na mwezi uliopita niliteleza kwa sababu ndoo ilitoka mkuku."

"Mbona jana hukuniambia?"

"Mwanangu alikuwa mlangoni. Nimwambie naoga juu ya ndoo? Si angenibeba mgongoni siku ileile?" Akaanza kucheka kwa mabega. "Unajua, fundi, nimepima watu miaka arobaini. Wote, mkubwa kwa mdogo, ukiwazungushia tepu kiunoni wanavuta tumbo ndani. Nilikuwa nawaambia, jamani, achia tumbo, nguo hii utaivaa wewe. Na jana mimi nimevuta tumbo."

Fundi Chaki aliniambia baadaye kwamba aliponea chupuchupu. Saa moja baadaye angekuwa ameshavunja ukuta, na angejenga bafu la mtu anayeoga amesimama. Lingependeza, na mama angeendelea kugeuza ndoo kandokando yake mpaka tarehe thelathini.

"Mficha uchi hazai, mama," alimwambia pale jikoni. "Twende uniogee tena. Safari hii kama unavyooga."

Ndoo ikaletwa. Chaki ikapakwa upya. Mama akakaa, na kila kitu kikabadilika. Viwiko havikugonga popote. Miguu aliifikia bila shida. Mkono wa kulia ulikwenda wenyewe mahali maji yalipo, wa kushoto ulitafuta kitu cha kushika na kukuta hewa. Alama zilikuwa mbili tu.

Mumewe aliporudi, na mfuko wa saruji begani kwa ajili ya heshima, alikuta mchoro wa jana umekatwa mistari miwili. Mkewe alikuwa anachora mwingine.

Uamuzi mpya ulikuwa huu: beseni liondoke lote, na lisirudishwe jingine. Ukingo uondoke, pazia liondoke. Sakafu nzima ya bafu ishushwe iwe kitu kimoja, na iwe na mteremko mdogo kuelekea kwenye mfereji mwembamba kando ya ukuta, ili mtu aingie bila kuinua mguu. Pale penye vigae saba vilivyofifia, fundi angefunga kiti cha mbao cha kukunja, kimo sawa na kiti cha cherehani ya mama. Bomba la kushika mkononi lingekuwa upande wa kulia, chuma cha kushikia upande wa kushoto. Sinki lingebadilishwa liwe dogo la pembeni. Na ule mlango mlafi ungefungukia nje.

Mwana alipopigiwa simu hakufurahi. Mama akaweka spika ili sote tusikie.

"Mama, sasa bafu zima liloe? Halafu ukae? Ukae kitini kama mgonjwa?"

"Nimeshona miaka arobaini nimekaa," mama akamjibu. "Ada zako zote nimezilipa nimekaa. Hakuna aliyeniita mgonjwa."



"Na jambo jingine," mama akaendelea, na nikaona mkono wake umeshika ukingo wa meza. "Miaka miwili nimekuwa naoga juu ya ndoo. Nilikuficha. Niliogopa utanichukua. Sasa umejua."

 Mwana akasema, "Sawa, mama. Mwambie fundi avunje."

Wakavunja. Siku tatu nzima nyumba ilijaa vumbi na mama akahamia kwa jirani, ambako nasikia alitengeneza zipu za mtaa mzima kwa sababu ya wasiwasi. Beseni lilipotoka, chini yake palikuwa pameoza kwa maji yaliyovuja miaka. Mume alikuna kichwa. Kazi ilikuwa imeongezeka siku mbili ambazo hawakuwa nazo.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alisema, akaingia na koleo.

Mteremko wa sakafu ndio mtihani wenyewe wa kazi hii. Ukizidi, mtu anateleza na kiti kinalala upande. Ukipungua, maji yanakaa. Fundi Chaki hutumia pima maji kama kila fundi, lakini hamalizi bila kumwaga ndoo nzima na kukaa chini kutazama. Tarehe ishirini na tatu akamwaga. Maji yalikwenda yote kwenye mfereji, isipokuwa kiasi cha sahani moja kilichobaki kwenye pembe ya mlango.

"Si mbaya," mumewe akasema. "Kesho yatakuwa yamekauka."

"Na keshokutwa atayakanyaga," mkewe akajibu.

Vigae kumi na kimoja vikang'olewa. Mume alipiga tindo kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Siku iliyofuata wakamwaga tena, ndoo mbili. Hapakubaki hata unyevu wa kulowesha karatasi. Nikamwona fundi amekaa kwenye ndoo tupu, anatazama sakafu ile na kutabasamu peke yake. Ilikuwa furaha tupu, na hakuona haya kuionyesha.

Tarehe ishirini na nane mwana akafika mchana, akiwa na maboksi sita ya kukunja. Hakuyashusha kwenye gari. Aliingia bafuni, akaikanyaga sakafu huku na huku, akavuta chuma cha kushikia kwa uzito wake wote. Chuma hakikutikisika. Akakunjua kiti, akakikunja, akakikunjua tena.

"Dada, hiki kinabeba kilo ngapi?" akamuuliza fundi.

"Jana amekaa mume wangu na mimi mapajani mwake," fundi akajibu. "Uliza jingine."

Mama mshonaji akatokea na taulo begani. Hakumtazama mtu. Akaingia, akafunga mlango, tukasikia komeo.

Tulikuwa wanne koridoni: mwana, fundi, mumewe na mimi. Maji yakaanza. Kwa muda kukawa na sauti ya maji tu, kisha kitu kikaanguka kwa kishindo na mwana akaruka kushika kitasa. Fundi akamwekea mkono kifuani.

"Kaa, kaka."

"Lakini..."

"Sabuni hiyo," sauti ikatoka ndani, tulivu kabisa. "Imeanguka, nimeiokota. Msinisimamie hapo kama wafiwa."

Mwana akateleza kwa mgongo ukutani hadi akakaa sakafuni. Dakika zikaenda. Ndani mtu alikuwa anaoga bila haraka yoyote, na ikafika mahali tukaona aibu kuendelea kusikiliza, tukaanza kuzungumza habari za barabara. Nilitazama saa: dakika thelathini na nane. Mtu anayeogopa haogi dakika thelathini na nane.

Maji yakakatika. Komeo likavutwa. Mama akatoka na kanga safi, shingo inang'aa mafuta, nywele zimelowa. Akapita katikati yetu kwa hatua zake fupi, akasimama mbele ya mwanawe aliyekuwa bado sakafuni.

"Kile chumba ulichonipakia rangi," akamwambia, "tafuta mpangaji."

Mwana alilia. Alilia waziwazi, uso kwenye kanga ya mama yake, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa mwenye mvi. Fundi Chaki naye akageukia ukuta na kuanza kukagua vigae ambavyo havikuwa na kasoro yoyote. Mumewe akampigia simu mwenye gari la mizigo na kumwambia asije tarehe thelathini, na alimwambia kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi.

Habari za mtaa hazina miguu lakini zinatembea. Nyumba ya mama iko kwenye jengo la familia kumi na mbili, zote zenye bafu lilelile na ukingo uleule. Hadi naandika makala haya familia tano zimeshamwita fundi. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kwanza alioga kavu wiki iliyopita na akapata alama kumi na saba, rekodi ambayo anajivunia.

Fundi Chaki ana mpango mkubwa zaidi. Anatafuta chumba kitupu cha kupanga, akiweke kuta za mbao za kusogezwa kwa magurudumu, ili mtu aje na vipimo vya bafu lake, lijengwe mbele yake kwa mbao, aingie, aoge kavu, na aseme kinachombana kabla hata kigae kimoja hakijanunuliwa. Anataka pia kufundisha wasichana wanne kila mwaka, na hao watashika kigae siku ya kwanza. Mama mshonaji ameshaomba kazi ya kupima wateja siku tatu kwa wiki. Amepewa.

Lakini kabla ya chumba hicho kuna safari. Mwezi ujao fundi na mumewe wanasafiri saa sita hadi kwa yule mwana, ambako bafu, kwa maelezo ya mama, "halina tofauti na kabati." Nilimuuliza mama mshonaji kama mwanawe ndiye aliyewaita.

"Hajui," akasema, huku akipitisha uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. "Nimelipa mimi, kwa hela ya zipu. Amenikosa mimi, basi apate bafu."